Somo: Jina la Akaunti Yako Mtandaoni ni Mali ya Nani?

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji anatarajiwa aweze kueleza ni nani mwenye mamlaka juu ya jina la akaunti katika mitandao ya kijamii, kutofautisha jina hilo na jina la biashara lililosajiliwa, na kuchukua hatua za kujikinga kabla ya hasara kumfika.

Utangulizi

Biashara nyingi za Unguja hivi sasa zina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule unaoonekana kwa macho, uwe Darajani, Amani, Mwanakwerekwe au katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mlango wa pili umo ndani ya simu: ukurasa wa Instagram, TikTok, Facebook au X, ambapo mteja huona bidhaa, huuliza bei na kuagiza. Mlango wa kwanza una mkataba wa kupanga au risiti za kodi. Mlango wa pili aghlabu hauna karatasi yoyote. Una jina tu, lile linaloanza kwa alama ya @.

Jina hilo huandikwa kwenye mabango, mifuko na kadi za biashara, na wengi huamini kuwa ni mali yao sawasawa na vitu vilivyomo dukani. Imani hiyo si sahihi, na waliokuja kuijua kasoro yake wakiwa wamechelewa wamelipa gharama kubwa.

Mfano wa kujifunzia

Tumfikirie mama mmoja wa Amani anayeuza udi na mafuta ya viungo. Akaunti yake ilifunguliwa na mtoto wa dada yake, kwa namba ya simu na barua pepe ya kijana huyo, kwa kuwa wakati ule mama hakuwa na simu ya kisasa. Kwa miaka minne mama ametengeneza bidhaa, na kijana amepiga picha na kuwajibu wateja. Wafuasi wamefikia maelfu, wengine wakiwa Muscat na London. Siku moja wawili hao wanahitilafiana juu ya malipo. Kijana anabadilisha nywila, na kwa mama ni kama duka limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hanao.

Mama anauliza: akaunti ni yangu niliyeigharamia, au ni ya huyu aliyeifungua? Jibu ni kwamba, kwa mujibu wa masharti ya mtandao, jina la akaunti si la mama wala si la kijana. Ni la kampuni inayomiliki mtandao, nayo imeruhusu tu litumike. Na katika matumizi hayo, mwenye nguvu ni yule anayeshika namba ya simu na barua pepe.

Miti na ardhi

Watu wa Unguja na Pemba hawatapata tabu kulielewa jambo hili, kwani tangu zamani wanajua kuwa mtu anaweza kumiliki minazi au mikarafuu ilhali ardhi iliyoota miti hiyo si yake. Mtandaoni hali ni kama hiyo, na vitu vinne visichanganywe.

Kwanza, maudhui, yaani picha, video na maandishi. Haya ndiyo miti. Masharti ya mitandao mikubwa hukubali kwamba maudhui hubaki kuwa ya mwenyewe, ingawa anapoyaweka huipa kampuni idhini pana ya kuyatumia.

Pili, jina la akaunti. Hili ni kiwanja. Kampuni hukuruhusu kukitumia kwa muda wote unaofuata masharti yake.

Tatu, wafuasi. Hao si mali ya mtu. Ni watu waliochagua kukufuata, na wanaweza kuondoka wakati wowote.

Nne, jina la biashara au alama ya biashara iliyosajiliwa serikalini. Hili ndilo jina ambalo sheria inakutambua kuwa mwenyewe, na ambalo unaweza kulidai mbele ya mahakama.

Masharti yanasema nini

Wakati wa kufungua akaunti sote hubonyeza neno la kukubali bila ya kusoma. Humo ndimo mlimo mkataba. Instagram imeeleza katika masharti yake kuwa inaweza kulibadilisha jina la akaunti ikiona inafaa au ni lazima, kwa mfano jina hilo likivunja haki ya mtu mwingine. Masharti hayo hayo yanakataza kuuza au kununua akaunti. TikTok imejiwekea uwezo wa kuliondoa jina la akaunti iliyokaa siku 180 au zaidi bila ya kutumika, na kulibadilisha kwa mfuatano wa tarakimu. Mtu aliyefunga biashara kwa msimu mzima, au aliyeugua, anaweza kurudi akakuta jina lake halipo.

Yaliyowafika wengine

Mwezi wa Julai 2023, mtandao wa Twitter ulibadilishwa jina ukawa X. Jina la akaunti @x lilikuwa likitumiwa na mpiga picha mmoja wa San Francisco tangu mwaka 2007. Kampuni ililichukua. Hakulipwa fedha, alihamishiwa jina jingine, akaahidiwa bidhaa zenye nembo ya kampuni na ziara ya kutembelea ofisi zake. Mwezi uliofuata, mwenye @music, aliyekuwa na wafuasi wapatao nusu milioni, naye alinyang'anywa jina lake.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 2021, siku chache baada ya kampuni ya Facebook kujiita Meta, msanii mmoja wa Australia alikuta akaunti yake ya Instagram, @metaverse, imefungwa kwa madai kuwa anajifanya mtu mwingine. Kazi zake za karibu miaka kumi zilikuwa humo. Akaunti ilirejeshwa baada ya gazeti la New York Times kuiuliza kampuni. Mtumiaji wa kawaida hana gazeti kubwa la kumuulizia.

Mfano wa tatu unamkaribia zaidi mama yetu wa Amani. Nchini Marekani, mwandishi mmoja aliacha kazi katika kampuni ya PhoneDog mwaka 2010, akabadilisha jina la akaunti aliyokuwa akiitumia kazini na kuendelea nayo pamoja na wafuasi wapatao 17,000. Kampuni ilimshitaki, ikidai dola 2.50 kwa kila mfuasi kwa kila mwezi, jumla dola 340,000 kwa miezi minane. Mwezi wa Disemba 2012 pande mbili zilipatana nje ya mahakama, na mwandishi akabaki na akaunti. Swali la nani mwenyewe halikupata hukumu. Lingeepukwa kwa ukurasa mmoja wa makubaliano ulioandikwa tangu siku ya kwanza.

Tofauti ya jina lililosajiliwa

Jina lililo chini ya sheria lina mlango wa kupeleka pingamizi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Wafanyabiashara na watetezi wa Kenya waliweka pingamizi mbele ya ofisi ya usajili ya Uingereza, na mwaka 2008 ombi hilo likaanguka. Wale waliopinga walikuwa mbali na hawakuwa na fedha nyingi, lakini palikuwa na ofisi, na utaratibu, na mtu aliyelazimika kuwasikiliza. Kwa jina la akaunti, msikilizaji ni kampuni ile ile iliyolichukua.

Kwa Zanzibar, majina ya biashara na alama za biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA). Alama za biashara zinasimamiwa na sheria ya mali za viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili wake hudumu kwa miaka 10, kisha huweza kuhuishwa. Izingatiwe kuwa usajili wa alama uliofanywa BRELA, Tanzania Bara, haumkingi mtu Zanzibar, na uliofanywa Zanzibar haumkingi Bara. Anayeuza pande zote mbili asajili pande zote mbili.

Usajili huo hautakufanya mwenye jina la akaunti. Hata hivyo mitandao mikubwa ina fomu za malalamiko ya alama za biashara, na mwenye cheti hulalamika akiwa na ushahidi mkononi.

Tahadhari juu ya kununua akaunti

Wapo wanaouza akaunti zenye wafuasi wengi. Mnunuzi na akumbuke desturi ya kilemba. Mpangaji anayetoka dukani hudai kilemba kwa anayeingia, lakini mwenye busara hatoi fedha kabla ya kuonana na mwenye jengo. Katika akaunti, mwenye jengo ameshakataza biashara hiyo kwa maandishi. Aliyeuza anaweza kuirejesha akaunti kwake kwa kutumia barua pepe ya awali, au kampuni ikaifunga, na mnunuzi akakosa pa kushika.

Hatua za kuchukua

1. Sajili jina la biashara, na ikiwezekana alama yake, kabla ya kulitangaza mtandaoni.

2. Fungua akaunti kwa barua pepe ya biashara na kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Usiiache laini hiyo bila ya kutumika. Laini iliyotelekezwa hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine.

3. Akikusaidia mtu, awe mwanao au mwajiriwa, mpe ruhusa ya kuchapisha pale mtandao unaporuhusu, na usimwachie akaunti yote. Jamaa akijitolea, mshukuru, lakini namba ibaki yako.

4. Andikeni makubaliano mafupi: nani mwenye akaunti, picha ni za nani, malipo ni kiasi gani, na siku ya kuachana nini kitakabidhiwa. Yatiwe saini mbele ya mashahidi. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuuhifadhi udugu.

5. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na uziandike namba za akiba katika daftari. Hata taasisi kubwa hazisalimiki: mwezi wa Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania katika X ilidukuliwa.

6. Hifadhi nakala ya maudhui yako nje ya mtandao, na uwe na orodha ya namba za wateja waliokupa ridhaa yao.

7. Ukimudu, kuwa na tovuti yenye anwani inayoishia na .tz. Nayo hulipiwa kila mwaka, lakini ina utaratibu wa usajili hapa nchini.

Akaunti ikipotea

Piga picha za skrini za kila kitu kabla hakijafutwa. Tumia fomu ya mtandao husika ya kurejesha akaunti, kwani mwenye uwezo wa kuirejesha ni kampuni hiyo. Watangazie wateja kwa njia nyengine wasitume fedha. Ikiwa mtu anajifanya wewe, toa taarifa Polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hutumika Bara na Zanzibar, na kujifanya mtu mwengine kwa njia ya kompyuta ni kosa chini yake. Mteja aliyetapeliwa kwa jina lako naye ahimizwe kushitaki, na apeleke lalamiko lake Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Ama mama wa Amani, njia iliyo nyepesi kwake ni suluhu na mtoto wa dada yake, kwa maandishi safari hii. Akishindwa, atafungua akaunti mpya na kuanza upya, akiwa na cheti cha jina lake, nakala za picha na namba za wateja. Asipokuwa navyo, ataanza bila ya kitu.

Maswali ya kujipima

1. Akaunti yako ilifunguliwa kwa namba ya nani na barua pepe ya nani?

2. Jina unalolitumia mtandaoni limesajiliwa Zanzibar? Kwa jina la nani?

3. Akaunti hiyo ikifungwa usiku wa leo, kesho asubuhi utawapataje wateja wako?

Asiyeweza kujibu swali la tatu na aanze na hatua ya sita leo hii.