Kutua Mzigo Mlangoni

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Soma kwanza: Kutoka 18:1–27

Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi wetu tunalijua sana ingawa kanisani hatulitaji. Ni ule uchovu wa akili unaompata mtu atokapo kazini na kuingia nyumbani kwake. Miguu imefika, lakini mawazo bado yako kwenye chai ya Mufindi, au sokoni Mwanjelwa, au ofisini, au darasani. Watoto wanamwamkia, naye anaitikia bila kuwatazama.

1. MUSA NA MKWEWE

Tusomapo sura hii tumezoea kukimbilia ushauri wa Yethro juu ya uongozi. Leo tuanze mwanzoni. Yethro hakuja mikono mitupu. Alimletea Musa mkewe Sipora na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa wametengana naye. Wakasalimiana, wakaulizana hali, wakaingia hemani, na wazee wakaja kula pamoja nao mbele za Mungu. Kesho yake Musa akarudi katika kazi ya kuamua mashauri ya watu, akakaa humo kutwa nzima.

Biblia haituambii Sipora alisema nini siku hiyo, wala watoto walimwona baba yao saa ngapi. Lakini mzee Yethro aliona. Akamwambia Musa kuwa afanyavyo si vizuri, kwamba atachoka yeye na watu pia, maana mzigo ule umemzidi mtu mmoja. Angalieni, hakumwambia kuwa kazi ile ni mbaya. Ilikuwa kazi ya Mungu, na hata hivyo ilikuwa inamwishia nguvu.

2. JAMBO LILILONIPATA

Nilipokuwa mwalimu kijana, miaka ya 1980, madarasa yalijaa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na sisi tulioingia kazini baadaye tuliwakuta watoto wengi na madawati machache. Jioni nilirudi na madaftari ya kusahihisha kikapuni. Nyumbani palikuwa na kuni, maji, jiko na watoto. Nilikuwa napita mlangoni na sauti ile ile ya darasani: "Kaa chini! Nyamaza! Nani kamwaga maji?"

Siku moja mtoto wangu wa pili, mwenye miaka 5, aliponiona naingia alisimama wima akasema, "Shikamoo, mwalimu." Hakuwa anatania. Nilicheka mbele yake, lakini usiku ule usingizi haukuja upesi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, tangu juzi nakutazama. Unaingia ndani, lakini hufiki." Akaniwekea kigoda barazani, akaniagiza kwamba kila nirudipo niketi hapo kwanza. Kisha akamwita mwanawe, yaani mume wangu, akamwambia kuwa kuni na maji si kazi ya mwalimu peke yake. Katika ukoo wetu siku zile hilo lilikuwa neno zito. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alichukua ndoo.

3. KWA NINI MAWAZO HUCHELEWA

Elimu ya siku hizi inatusaidia kulielewa jambo hili. Mwaka 2009 mtaalamu Sophie Leroy alieleza kwamba mtu aachapo kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki katika ile ya kwanza, hasa kama aliiacha haijaisha. Ni kama masizi yanayobaki sufuriani baada ya chakula kupakuliwa. Mwaka 2011 wataalamu wengine wawili, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba mtu akijipangia waziwazi lini na jinsi gani atamaliza jambo, jambo hilo hupunguza kumsumbua, hata kabla hajalimaliza.

Walimu watakumbuka ile nafasi ya maoni chini ya andalio la somo. Tuliandika tumefika wapi na kesho tuanzie wapi. Wengine tuliijaza kwa ajili ya mkaguzi tu. Kumbe ilikuwa dawa ya kutuwezesha kulala.

4. MAMBO YA KUFANYA

(a) Funga kazi kabla hujaondoka. Tumia dakika 5. Andika kilichobaki na utakapoanzia kesho. Hata mama wa gengeni aweza kuandika madeni ya siku na mali ya kununua asubuhi, kisha akafunika daftari.

(b) Tumia njia. Uwe katika daladala kutoka Uyole, au unapanda kwa miguu kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, mwendo huo ni nafasi uliyopewa. Acha simu mfukoni. Nusu ya kwanza mweleze Mungu habari za kazi. Nusu ya pili wataje watu wa nyumbani mwako mmoja mmoja.

(c) Salimu kweli. Mhehe akisema "Kamwene" na Mnyakyusa akisema "Ugonile", hawakomei hapo. Huulizana habari za nyumba, za watoto na za wagonjwa. Wazee wetu hawakuwa wanapoteza wakati. Salamu ndefu humpa mtu nafasi ya kufika.

(d) Keti kwanza. Vua viatu, nawa, kunywa maji. Waambie watoto, "Nipeni dakika 10, kisha nitawasikiliza." Zikiisha, timiza ahadi.

(e) Gawaneni mzigo. Yethro hakumwambia Musa akalale. Alimwambia atafute watu waaminifu wa kubeba pamoja naye. Nyumba ambamo baba ameketi na gazeti huku mama aliyetoka kazini saa ile ile anawasha moto, haijapata pumziko bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kwa juma. Lakini sheria hiyo haimfikii mama jikoni. Huko ni upendo wa wenzake tu utakaompumzisha.

(f) Jihadhari na pumziko la uongo. Wako wanaopitia kilabuni kwenye ulanzi, wakisema wanapumzisha kichwa. Wako wanaokaa nyumbani huku wakijibu ujumbe wa kazini katika WhatsApp hadi usiku. Wote wawili bado hawajafika kwao.

5. MSAADA WA KANISA

Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitoa Kitabu cha Sala, na sala za saa nyingi za mapokeo ya zamani zikafanywa mbili kwa kila siku: Sala za Asubuhi na Sala za Jioni. Hivyo hata mkulima na mfanyabiashara waliweza kuzishika. Zimewekwa penye milango miwili ya siku, tunapotoka na tunaporudi. Nyumba isiyoweza kusali yote, isome zaburi moja pamoja kabla ya chakula cha jioni.

Tena, uchovu mwingine hauondoki kwa kigoda. Kama usingizi umepotea kwa majuma, au machozi yanakuja bila sababu, mwone mchungaji, na uende hospitali pia. Eliya alipotamani kufa (1 Wafalme 19), Mungu hakumkaripia. Kwanza alimpa usingizi na chakula, mara mbili, kisha ndipo akamtuma tena.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Unadhani Sipora aliionaje siku ile ya pili?
2. Watoto wako wakusikiapo mlangoni, wanakimbilia kwako au wanakimbia?
3. Nani nyumbani mwako hana nafasi ya kuketi? Nani atamshika mkono juma hili?
4. Je, vikao vya kanisa vinawarudisha watu nyumbani mapema au usiku?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyewaita wanafunzi wako waliochoka wakapumzike nawe: utufundishe kutua mizigo yetu mlangoni, tuwaone wale uliotupa, na kubebeana kazi za nyumbani kwa furaha, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.