SOMO LA MWEZI: KUKUTANA NA BINGWA NJIANI



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa vijana, niliwakuta wavulana watatu chini ya mwembe wakibishana kwa sauti kubwa. Mmoja wao alikuwa amesafiri kwenda mjini. Basi liliposimama kwenye kituo cha mafuta, alimwona mchezaji wa mpira anayejulikana nchi nzima amesimama kando ya gari lake, ananunua maji. Kijana akamkimbilia. Mchezaji akaingia garini, akapandisha kioo, akaondoka.

"Anaringa," alisema kijana. "Na magoli yenyewe hafungi."

Wenzake walimtetea yule mchezaji: labda alikuwa na haraka, labda amechoka kusumbuliwa. Wakanigeukia mimi, kwa maana mwalimu mstaafu huletewa kesi zote zisizo na hakimu. Nilimwuliza swali moja tu: "Alikutazama?"

Akafikiri kidogo. "Hapana, Mwalimu. Hakunitazama kabisa. Hata ingekuwa nguzo ya umeme imesimama pale, ingekuwa vilevile."

Jibu hilo limekaa nami siku nyingi, na ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Mchezaji akiwa uwanjani yuko kazini, na mtazamaji amelipa kiingilio chake. Kila mmoja anajua haki yake. Lakini wakikutana dukani, kwenye uwanja wa ndege au mlangoni mwa hoteli, hapo hakuna tiketi. Mmoja anamfahamu mwenzake kwa miaka mingi: anajua alikozaliwa, ameumia goti gani, alikosa penalti ipi. Mwingine hajawahi kumwona huyu anayemjia mbio. Mshabiki anahisi kwamba amekutana na ndugu yake. Mchezaji anaona mgeni. Ugumu wote unatoka hapo, na katika nusu dakika hiyo mtu anaweza kutiwa furaha au jeraha ambalo atalikumbuka mpaka uzeeni.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wa mwaka 1960. Kijana mmoja wa Louisville, katika jimbo la Kentucky kule Marekani, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa New York akijiandaa kwenda Roma kwenye michezo ya Olimpiki. Jina lake lilikuwa Cassius Clay, yule ambaye baadaye dunia ilimwita Muhammad Ali. Katika mji ule alikuwepo mtu mmoja aliyemtukuza kuliko wote, bondia Sugar Ray Robinson, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa dunia katika uzito wa welta, kisha wa kati mara kwa mara. Robinson alikuwa na mkahawa wake mtaa wa Harlem, na gari lake la Cadillac la rangi ya waridi lilikuwa limemfanya ajulikane hata kwa watu wasiopenda ngumi. Basi kijana akaenda akasimama nje ya mkahawa ule, akangoja saa nyingi. Robinson alipokuja, kijana alimsogelea, akamwomba saini, akataka kumweleza kwamba yeye naye siku moja atakuwa bingwa. Robinson hakuwa na nafasi naye. Akampita.

Ndivyo Ali mwenyewe alivyosimulia kwa miaka mingi. Alisema aliumia sana, na kwamba papo hapo aliamua kuwa, akijaliwa kuwa mtu mashuhuri, hatamnyima saini mtu yeyote.

Maazimio ya miaka kumi na minane kwa kawaida hayadumu. Nimefundisha vijana wa umri huo, nayajua. Hili lilidumu. Alisaini katika barabara, hotelini, ndani ya ndege. Alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na mkono ukaanza kumtetemeka, hakuacha. Alikuwa akikaa na kusaini mapema vijitabu vya dini yake, ili atakayemwomba saini apate na maneno ya kusoma. Alikuwa na mkoba wenye vifaa vya mazingaombwe. Angekutana na watoto, angewafichia kitambaa mkononi kikatoweka, kisha angewaonyesha jinsi alivyofanya, kwa sababu hakutaka kuondoka akiwa amewadanganya.

Wenye umri kama wangu tulisikiliza redioni habari za pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, alipompiga George Foreman katika raundi ya nane. Pambano hilo lilikuwa limepangwa Septemba, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Kwa hiyo mabondia wote wawili walikaa Zaire wiki nyingi, na wenyeji wakapata muda wa kuwapima. Ali alikimbia barabarani asubuhi, watoto wakikimbia pamoja naye. Foreman alijitenga, naye alikuwa amefika nchini na mbwa mkubwa wa Kijerumani, wa aina ile ile ambayo watu wa Kongo walikumbuka kuwa polisi wa Wabelgiji waliitumia kuwatisha. Sidhani kama alijua. Lakini mgeni anayekuja na mbwa mbele yake amekwisha kutoa salamu yake, apende asipende. Kwa haki ya Foreman, niongeze kwamba miaka michache baadaye alikuwa mhubiri, akageuka mtu mcheshi aliyependwa na watu, mpaka alipofariki mwezi Machi 2025.

Sasa labda msomaji atasema, "Basi somo ni rahisi: asiyesaini ana kiburi, anayesaini ni mwungwana." La, si hivyo. Hapo ndipo nataka tuende polepole.

Alikuwepo mchezaji mwingine wa Marekani, Bill Russell, wa mpira wa kikapu, aliyechezea Boston Celtics tangu 1956 hadi 1969. Katika misimu 13 timu yake ilitwaa ubingwa mara 11, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine wa ligi ile amelifikia. Mtu huyu alikataa kusaini. Hakumsainia mtoto wala mzee. Wako waliomchukia kwa ajili hiyo, na magazeti yakamwita mtu mwenye kiburi. Lakini aliwaambia watu kwamba yu tayari kuwapa mkono na kuzungumza nao. Kwa maoni yake, kalamu na karatasi huwafanya watu wawili wasikutane: mmoja anainamisha kichwa kuandika, mwingine anatazama karatasi, kisha kila mmoja anakwenda zake. Kupeana mikono kunawalazimu kutazamana.

Tena tujue alikotoka. Russell alikuwa mtu mweusi katika mji ambao watu wake walimshangilia usiku na kumdharau mchana. Alipokaa na jamaa yake Reading, mji mdogo karibu na Boston, wahalifu walivunja nyumba yake, wakaharibu vikombe alivyoshinda, wakaandika matusi ya ubaguzi ukutani, wakaacha kinyesi kitandani. Mtu aliyekuta hayo chumbani mwake, kisha kesho yake akasimamishwa njiani na watu wenye tabasamu na kalamu, mimi siwezi kumlaumu akiuliza moyoni: mnampenda nani hasa, mimi au jezi namba 6? Mwaka 1972 jezi hiyo ilipopandishwa juu ya paa la ukumbi kwa heshima, yeye alitaka ifanyike kabla ya milango kufunguliwa, mbele ya wenzake tu. Ikapita miaka 27 kabla hajakubali sherehe mbele ya watu wa Boston, mwaka 1999. Amefariki mwaka 2022.

Hapa tunao watu wawili, mmoja akisaini kila karatasi, mwingine akikataa kila karatasi. Nami nasema wote wawili walifanya jambo moja. Ali alimtazama aliyemjia. Russell naye alimtazama. Kilichomwumiza kijana wa Louisville kule Harlem hakikuwa kukosa wino wa Robinson. Aliumia kwa sababu alisimama mbele ya mtu aliyemtukuza akawa kama hayupo.

Siku hizi mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu ya simu. Zamani mwenye karatasi alilazimika kusema "tafadhali" na kungoja. Mwenye simu huanza kupiga picha kabla ya kusalimu. Tarehe 9 Aprili 2022, Manchester United walipofungwa na Everton bao 1 kwa 0 kule Liverpool, Cristiano Ronaldo alikuwa akitoka uwanjani akichechemea kwa hasira. Mvulana wa miaka 14 alikuwa amenyoosha simu yake. Ronaldo akaipiga ikaanguka chini. Aliomba radhi, akamwalika mtoto aje kuangalia mechi; mama yake akakataa. Polisi walimpa onyo, na mwezi Novemba mwaka huo Chama cha Mpira cha Uingereza kikamfungia mechi mbili na kumtoza faini ya paundi 50,000. Kosa lile halina utetezi, na mtu mzima hana ruhusa ya kumalizia hasira zake kwa mtoto. Lakini nawaomba wazazi mjiulize pia jambo la pili: tunawafundisha watoto wetu kumkaribia mtu kwa namna gani? Mchezaji aliye na mtoto wake hospitalini, aliye mezani anakula, aliye kwenye msiba, je, huyo naye ni wa kupigwa picha tu?

Mfano wa Septemba 2018 hunifurahisha kuliko yote. N'Golo Kanté, aliyekuwa ametwaa Kombe la Dunia na Ufaransa miezi miwili tu nyuma, alichezea Chelsea Jumamosi mchana, kisha akachelewa treni ya kwenda Paris. Akaenda kusali katika msikiti ulio karibu na stesheni ya King's Cross, London. Huko akakutana na kijana mmoja, tena mshabiki wa Arsenal, ambaye alimkaribisha nyumbani kama ambavyo angemkaribisha msafiri yeyote aliyekwama. Kanté akaenda. Akala kuku wa mchuzi, akacheza nao mchezo wa mpira kwenye televisheni, wakaangalia pamoja kipindi cha mechi za siku ile. Angalieni nani alianza. Mshabiki ndiye aliyekuwa na kitu cha kutoa, naye bingwa wa dunia akakubali kupokea. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo sufuria ya ugali haikupimwa kwa idadi ya wenyeji tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Msidhani kwamba naandika haya kama mtu asiye na deni. Mwalimu naye ana umashuhuri wake mdogo. Kila stendi kuna mtu anayemjua naye hamjui. Nilipokuwa bado mkufunzi katika chuo cha ualimu, asubuhi moja nikikimbilia basi, mama kijana mwenye mtoto mgongoni alinijia. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika "Marahaba, marahaba," huku nikipekua mifuko kutafuta tiketi. Akasema neno juu ya mtoto, nikajibu "Vizuri sana," nikapanda. Basi lilikuwa limekwenda mwendo wa nusu saa ndipo masikio yangu yaliponirudishia maneno yake. Alikuwa ameniambia kwamba mtoto yule amempa jina langu. Sikuwa nimemwona uso. Mpaka leo sijui alikuwa mwanafunzi wangu yupi, na mtoto huyo kwa sasa atakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo simhukumu Robinson kwa urahisi. Labda alikuwa amechoka, labda wapo vijana ishirini waliomwambia juma hilo hilo kwamba watakuwa mabingwa. Miaka minne baadaye, mwezi Februari 1964, kijana yule yule alikuwa Miami akijiandaa kupigana na Sonny Liston, na Robinson alikuwa upande wake, akiwa pamoja naye hata siku ya kupima uzito, akijaribu kumtuliza. Wakawa marafiki. Ali, aliyejisifu mbele ya dunia nzima, alikuwa akikubali kwamba Robinson alikuwa bondia bora kuliko yeye. Pamoja na hayo yote hakuacha kusimulia habari ya siku ile nje ya mkahawa.

Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja: Ungekuwa wewe ni mchezaji yule wa kituo cha mafuta, una dakika moja na watu thelathini wanakujia, ungefanya nini, na ungeanza na nani? Je, kukataa kwa Bill Russell kulikuwa na haki, au watoto wasio na hatia walilipishwa makosa ya watu wengine? Wazee watangulie kusema, vijana wawajibu. Swali la mwisho kila mtu alijibu kwake nyumbani: ni nani aliyekusalimu juma hili, nawe ukaitika bila kumtazama?