Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Mchungaji na Mpaka



Ndugu zangu waumini wa Igurwa, leo tuangalie milima yetu. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima na mabonde. Penye makazi kuna migomba na kahawa. Penye nyasi kuna ng'ombe, wale wetu wa Ankole wenye pembe ndefu. Mvua ikikata, Juni hadi Agosti, nyasi za juu zinakauka na mchungaji anashusha mifugo kufuata maji. Huko chini anakuta mipaka: shamba la jirani, ranchi, hifadhi. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe yalikuwa mapori ya akiba. Tangu 2019 ni Hifadhi za Taifa, na mifugo hairuhusiwi humo.

Mchungaji yeyote anajua: ng'ombe havuki mpaka kwa kupanga. Anakula ukingoni, anaona jani bichi ng'ambo, hatua moja, hatua ya pili, na wewe umeinamia simu. Ukishtuka, mahindi ya watu yamekwisha.

Mtume wetu (s.a.w.) alitumia mfano huu huu. Katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza kuwa halali iko wazi, haramu iko wazi, na katikati kuna yenye shaka. Anayeingia kwenye shaka ni kama mchungaji anayelisha kando ya malisho yaliyozuiwa na mfalme: hakawii kuingia. Malisho hayo kwa Kiarabu ni *hima* (si Wahima wetu, majina yamefanana tu). Na eneo alilolizuia Mwenyezi Mungu ni yale aliyoyaharamisha.

Sasa tujiulize. Mtu amefunga, lakini alfajiri kapitisha ng'ombe kwenye shamba la mjane, kisha anasema "walipotea tu." Maziwa atakayofuturu nayo yametoka kwenye majani ya nani? Na mkulima aliyelima mpaka akaziba njia ya mifugo kwenda mtoni, naye ajitazame.

Hii ni haki ya mja. Istighfari peke yake haitoshi. Mwenye mali alipwe au asamehe.

*Zoezi la leo:* kabla ya Magharibi, kama una deni la namna hii, nenda kwa jirani yako mkalimalize. Usingoje Idi.

Ewe Mola, tuepushe na ukingo wa haramu, tupe mvua yenye kheri, na uzikubali saumu zetu. Aamin.