Dondoo Muhimu: Kuukwepa Msongamano wa Wavuvi Oregon

Jumamosi ya Januari kando ya Mto Wilson, magari hujipanga kwenye Barabara Kuu namba 6 kabla hata jua halijachomoza. Wavuvi wote wanamfuata stilihedi, yule trauti anayekulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Waache.

Fuata mvua. Hili ndilo kubwa. Mvua ikinyesha mito yote huchafuka, lakini vijito vifupi vya pwani hutakata mapema, wakati mito mikubwa ingali na rangi ya chai ya maziwa. Fungua vipimo vya maji vya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, kwenye intaneti. Kina kikianza kushuka, funga safari. Maji ya kijani, yenye kukuonyesha mawe ukiwa umezama hadi magotini, ndiyo unayoyataka.

Tembea. Umati hupenda vituo vya kuzalishia samaki na sehemu za kushushia mashua. Nusu saa kwa miguu hupunguza wengi, maana suruali za kuingilia majini zinachosha. Ila usikatize ardhi ya mtu bila ruhusa.

Katikati ya wiki, ukiweza.

Kanuni hubadilika ghafla, hivyo zisome kabla ya kuondoka, na leseni iwe mfukoni. Stilihedi wa kuzalishwa hukatwa pezi dogo la mgongoni, karibu na mkia. Mwenye pezi hilo ni wa asili. Kwa kawaida hurudishwa majini. Na ukiona changarawe safi inayong'aa chini ya maji, izunguke: huenda mayai yamo humo.