Sheria na Maadili: Tofauti na Uhusiano

Sheria hutungwa na mamlaka ya nchi, kama Bunge. Anayeivunja huadhibiwa na mahakama. Maadili ni miongozo ya jamii kuhusu mema na mabaya. Anayeyakiuka hulaumiwa na watu au kusutwa na dhamiri.

Mfano: mvuvi wa Kigera, Musoma, akivua kwa kokoro katika Ziwa Victoria, anavunja Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Pia anakosa kimaadili: anamaliza samaki wachanga, jirani zake watakosa kitoweo kesho.

Angalizo: si kila kosa la kimaadili ni jinai. Kumnyima mwenzako daftari ni uchoyo, lakini hushtakiwi.

Jipime: Baba yako anavua kwa kokoro ili akulipie mahitaji ya shule. Utamshauri nini? Toa hoja moja ya kisheria na moja ya kimaadili.