Amiri Jeshi na Idhini ya Bunge

Swali: Je, Rais wa Kenya, kwa kuwa ndiye Amiri Jeshi Mkuu, aweza kuwatoa askari kambini kwa amri yake peke yake?

La. Katiba ya mwaka 2010 imemvika Rais cheo hicho na papo hapo ikakizungushia mipaka: hatangazi vita ila kwa idhini ya Bunge, na jeshi likitakiwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi iliyoingiwa na machafuko, ibara ya 241 yasema wazi kwamba halitoki ila kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Swali: Mbona basi tumewaona askari barabarani kabla wabunge hawajaamua?

Kwa sababu ibara hiyo hiyo ina mlango wa pili. Kukitokea dharura au maafa, jeshi huruhusiwa kuzisaidia mamlaka nyingine, kisha Bunge la Taifa likapewa taarifa tu. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walioupinga Muswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi kuwa jeshi limetolewa kuisaidia polisi kwa sababu ya dharura ya usalama, wala hakuweka muda; na wabunge, walipoketi siku ya pili yake, waliidhinisha jambo lililokwisha tendeka. Chama cha Mawakili kilipokwenda mahakamani, Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha askari kambini, walakini aliiamuru serikali itangaze mipaka na muda wa kazi yao.

Naiona hatari kubwa hapa. Hali ya hatari ikitangazwa rasmi, hukoma baada ya siku 14 isipokuwa thuluthi mbili za wabunge wakubali kuirefusha. Lakini dharura hii ya mlango wa pili haikuwekewa siku hata moja, na maandamano ya raia, hata yakiharibika, ni machafuko kwa maana ya Katiba, si maafa mfano wa mafuriko.

Swali: Sisi wa Nakuru jambo hili latuhusu nini?

Latuhusu tangu zamani. Mwishoni mwa Januari 1964, majuma machache baada ya uhuru, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi pale Lanet, hapa hapa Nakuru, kwa ajili ya mishahara na maafisa wa Kiingereza waliobaki kuwatawala, na serikali ya Jomo Kenyatta, aliyekuwa bado Waziri Mkuu, ikaamua kuwaita askari wa Uingereza kuyazima maasi, kikosi kikavunjwa. Januari 2008, damu ilipomwagika Nakuru na Naivasha baada ya uchaguzi, jeshi lilitumwa na helikopta zikaruka chini chini juu ya makundi ya watu, chini ya katiba isiyokuwa na sharti kama la ibara ya 241. Na Februari 2023 jirani zetu wa Baringo, pamoja na kaunti nyingine za kaskazini, waliletewa jeshi kupambana na wezi wa mifugo. Bunge likaridhia juma lile lile, baada ya tangazo.

Swali: Na jeshi lilipoingia Somalia, Oktoba 2011?

Serikali ilivuka mpaka kwa hoja ya kujihami; idhini ya Bunge ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika ilipatikana Desemba.

Swali: Raia afanye nini?

Amwandikie mbunge wake, askari wakingali kambini, amtake asikubali tangazo lolote lisilotaja mahali, kazi na siku ya kurudi.