Suala la Damu na Ukoo: Jawabu kwa Ndugu wa Maneromango

Tumepokea suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Maneromango, katika nchi ya Wazaramo. Asema: alipeleka posa kwa watu wa pwani, na mahari alikuwa nayo, na katika dini yake hakutiwa ila. Baba wa binti akajibu ya kwamba wao ni Washirazi na mposaji ni Mzaramo, na damu hizo mbili Mungu hakuziumba moja. Ndugu yetu auliza: Je, ni kweli? Wanadamu wana aina za damu, kama walivyo mbuzi mbali na kondoo mbali?

Jawabu. Hapa pana masuala mawili, na watu huyachanganya. Moja ni la maumbile, na la pili ni la sheria.

La maumbile, jua ndugu msomaji ya kwamba wataalamu wamelichungua sana. Mwaka wa 1972 Richard Lewontin wa Marekani alipima tofauti zilizomo katika miili ya wanadamu, akaona kiasi cha 85 katika kila 100 zimo ndani ya kila kaumu, baina ya mtu na jirani yake. Sehemu ndogo tu ndiyo inayopambanua kaumu na kaumu. Na rangi ya ngozi hufuata ukali wa jua la nchi walikokaa mababu. Haituelezi mengine yaliyomo mwilini.

Tazama ugonjwa wa selimundu, ambao watu wengi hudhani ni wa watu weusi. Mwaka wa 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alibainisha ya kuwa asili yake hurithiwa sana pwani na kando ya ziwa la Viktoria, na katika nyanda za juu ni haba mno. Kwani mwenye kurithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria. Nayo imo Qatif katika Bara Arabu, na katika sehemu za Bara Hindi, na Uyunani. Basi yafuata mbu, wala haifuati kabila.

Atasema msemaji: Lakini Washirazi si walitoka Shiraz? Twasema: suala hili nalo limejibiwa, na jawabu lake lapasa kusikilizwa lote, si nusu. Mwaka wa 2023 ilitangazwa khabari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Ikaonekana ya kuwa tangu kiasi cha mwaka wa 1000 wanaume wa Uajemi walioana na wanawake wa Kiafrika, na kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Afrika, nao umetoka zaidi kwa akina mama. Basi wazee waliosimulia khabari za Shiraz hawakusema uwongo. Walakini walimtaja babu wakamwacha bibi. Mtu wa pwani akimkataa Mzaramo kwa ajili ya damu, na amwulize nyanya yake kwanza. Na tusisahau ya kwamba Wazaramo na Washomvi wa Kaole na Mzizima wameishi pamoja tangu zamani za Pazi Kilama, aliyeitwa kwa khabari za wazee awapiganie Washomvi na Wakamba. Nani leo awezaye kuwapambanua kwa damu?

Kama si damu, basi majina haya yatoka wapi? Mengi hutoka katika daftari. Mwaka wa 1924 Serikali ya Unguja ilipohesabu watu, kiasi cha 34,000 waliandikwa Waswahili. Mwaka wa 1931 ilipohesabu tena, Waswahili walikuwa kiasi cha 2,000 tu. Hawakufa, wala hawakuhama. Waliandikwa Washirazi na Wahadimu na majina mengine. Na Waarabu, waliokuwa kiasi cha 19,000, wakawa zaidi ya 33,000 katika miaka saba. Tumbo gani lizaalo hivyo? Watu walikwisha kuona jina lipi lina heshima mbele ya Serikali na lipi lina taabu. Na katika vita vya 1939 hata 1945 chakula cha mgao kiligawanywa kwa taifa: Mwarabu na Mhindi mchele, Mwafrika unga wa mahindi. Mwenye njaa huchagua babu.

Na mwaka huo huo wa 1924, katika jimbo la Virginia huko Marekani, ilitungwa sheria ya kwamba mwenye chembe ya damu ya Kiafrika hahesabiwi mweupe. Unguja mtoto wa suria wa Kihabeshi alifuata baba, akawa Mwarabu, tena akaketi katika kiti cha enzi. Sayyid Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi. Mtu mmoja, Unguja Mwarabu, Virginia mweusi, naye hakubadilika hata unywele.

Hayo si mchezo wa maneno. Januari 1964 huko Unguja watu waliuawa kwa jina la Uarabu, na wengine wakakimbia. Waliofika Omani, na hasa baada ya 1970, waliitwa huko Wazinjibari kwa sababu ya lugha yao ya Kiswahili. Kwao walikuwa Waarabu mno, na kwa Waarabu wakawa Waafrika mno.

Tumebakiwa na sheria. Wanachuoni wa Kishafii wametaja nasaba katika kufu, na hatuwezi kuficha hayo. Imamu Malik yeye hakuizingatia nasaba, bali dini. Walakini hata kwa Mashafii kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia wote, nikaha ni sahihi. Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, kwa Zainab binti Jahsh; na Fatma binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, alimwambia aolewe na Usama, mwana wa Zaid. Fatma alichukia kwanza, kisha akaolewa naye, akaona kheri.

Basi baba huyo akitaka kushika neno la nasaba, na alishike kama haki ya walii, mlango ambao aweza kuufungua mwenyewe. Asiseme ni maumbile, maana hapo amesingizia uumbaji. Na jambo moja katika barua yako, ndugu yetu, limetushangaza: hukutuandikia kama binti mwenyewe ameulizwa. Muulizwe kwanza, kwa njia ya heshima, kwa mama zake. Akiwa ameridhia, peleka posa mara ya pili, na mshenga awe mtu mzima wa huko huko pwani ajuaye koo zote mbili kwa upande wa mama.